Ndago ya Mdomoni na Mkanda wa Bibi

Kanga kuukuu ikichanwa hutoa sauti moja ndefu, kama mtu anayevuta pumzi kati ya meno. Mpaka leo nikiisikia kwa fundi cherehani, hugeuka kumtafuta bibi yangu. Asubuhi ile nilikuwa uani napepeta mahindi, na bibi yuko ndani peke yake, mlango ameurudisha. Nikasikia nguo inachanika, kutoka pindo hadi pindo. Nilishangaa, maana miaka ile kanga zikifika duka la ushirika watu hupanga foleni tangu alfajiri, na nyumbani kwetu hata kiraka kilitunzwa. Nikasukuma mlango.

Bibi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, gauni limeshuka hadi kiunoni. Kanga yake nzuri kuliko zote, ile iliyolainika kwa kufuliwa tangu harusi ya baba yangu, ilikuwa vipande viwili. Kimoja alikuwa anajizungushia mbavuni. Upande wa kushoto, kuanzia uti wa mgongo hadi chini ya ziwa, ngozi ilikuwa imewaka mstari wa malengelenge, kama mtu aliyepigwa na kamba ya moto. Hakuwa analia. Alisema gauni la marekani linamkwaruza, na kwamba tangu babu afariki hajapata kitu laini cha kumgusa zaidi ya kanga hiyo.

"Kipande cha pili usikiguse, mke mwenzangu," akaniambia. "Hicho ni cha winda la kitukuu."

Aliniita mke mwenzake kwa sababu babu, enzi za uhai wake, alikuwa akitania kwamba mimi ndiye mke wake mdogo. Na kitukuu aliyemsema alikuwa bado tumboni mwa wifi yangu, mke wa kaka. Wifi alikuwa amekwisha kupoteza mimba kabla ya hiyo, kwa hiyo nyumba nzima tulitembea kwa kunyata, kana kwamba mtoto angeweza kusikia vishindo vyetu akabadili nia ya kuja.

Tulikuwa wageni katika kijiji cha ujamaa, upande wa Handeni, nyumba zimepangwa mistari kama mahindi, na udongo wa kuta nyingine haujakauka vizuri. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na kijiji kikanipa kazi ya kulea watoto kituoni wakati mama zao wako shamba la pamoja. Niliipenda kazi ile kupita kiasi. Niliwapangusa kamasi, nikawaimbia, nikawabusu mashavu mpaka wakanikimbia, na wakilala mchana nilikaa kizingitini nikijiona nimevaa gauni jeupe la unesi, viatu vyeupe, saa imening'inia kifuani. Saa yenyewe sikuwa nimewahi kuishika.

Nilikuwa na doa langu moja tu. Tangu utotoni nilikuwa nikitokwa na vipele vya homa pembeni mwa mdomo, mahali palepale kila mara. Jua kali, vipele. Mafua, vipele. Nikikaribia siku zangu za mwezi, vipele. Huanza kwa kuwasha kidogo, kama sisimizi anayetafuta njia, halafu hujaa maji, hupasuka, hukauka, hupona. Ninasahau. Kisha vinarudi. Wenzangu walinitania kwamba nimedokoa nyama kwenye chungu cha moto. "Leo umeonja chungu cha nani?" Nilikuwa nacheka nao. Hakuna aliyeona ni ugonjwa, hata mimi mwenyewe.

Lakini ule wa bibi, ah, ule ulikusanya watu. Waliuita kwa jina lake, mkanda wa jeshi, na wakasema kwa sauti ya chini kwamba ncha zake mbili zikikutana mtu hana siku nyingi. Jirani mmoja, mama mwenye huruma kweli, alikuja na masizi ya chungu akamchora bibi mstari mnene upande wa kulia wa mgongo, kama kizuizi cha barabarani, ili mkanda ukifika hapo usimame. Bibi alimgeuzia mgongo achore. Alipomaliza, bibi akamshukuru, akamwambia asiwe na wasiwasi sana, kiuno chake ni kipana, huo mkanda ukijaribu kuzunguka utachoka njiani na kuomba maji.

Kisha wakubwa wakaamua wifi ahamishiwe nyumba ya pili, mkanda usije ukarukia tumbo. Na nani apelekwe akampikie uji na kuuonja kabla hajapewa? Mimi. Wiki hiyo mdomo wangu ulikuwa na vipele vibichi, na hakuna aliyeniangalia mara mbili.

Bibi hakulala siku nyingi. Nilikuwa namwona mchana, amekaa wima kwenye kigoda, macho amefumba, mkono umeshika kanga isimguse, na mtoto yeyote akipita anamuita amwambie kitendawili. Jirani zetu wafugaji walikuwa wakituletea maziwa. Yule mama wa Kimasai alimtazama bibi, akasema kwao mwanaume akivumilia hivyo huchinjiwa fahali. Bibi akajibu kwamba yeye yuko tayari hata kwa mbuzi.

Maumivu yalipozidi, kaka aliomba nafasi kwenye lori la mahindi la kijiji, nami nikapanda na bibi kwenda hospitali Korogwe. Barabara ilikuwa mbovu. Kila shimo nilifumba macho kwa niaba yake, na yeye kila shimo alitaja jina la mtu aliyemkosea, akisema anamsamehe, ili lisipotee bure. Tulipofika kwenye mashamba ya mkonge alikuwa amesamehe ukoo mzima, na sehemu ya Mnyuzi alikozaliwa.

Daktari aliyetupokea alikuwa mtu mzima, mwembamba, mwenye sauti ya upole. Aliuangalia mgongo wa bibi, akaona masizi, hakucheka. Aliuliza yamewekwa kwa nia gani, akaelezwa, akasema aliyeyaweka ana moyo mzuri, ila asipate taabu tena. Akatuonyesha kwa kidole kwamba kila mshipa wa fahamu hutoka kwenye uti na kuhudumia upande wake mmoja tu, kama mfereji wa shamba unaoishia mpakani. Ugonjwa huu hufuata mfereji mmoja. Ndiyo sababu mkanda huanzia katikati na huishia katikati, na ncha zake hazina shida ya kukutana. Bibi akashusha pumzi ndefu sana. Hapo ndipo nilipojua kwamba mzaha wake wote ulikuwa umebeba hofu chini yake, kama chungu kilichofunikwa kwa kawa zuri.

Akatueleza chanzo. Bibi alipokuwa mtoto aliugua tetekuwanga. Alipopona, watu wakadhani imekwisha, kumbe wale vijidudu, wadogo kuliko wote, wanaitwa virusi, hawakuondoka. Waliingia kwenye mzizi wa mshipa wa fahamu karibu na uti wa mgongo, wakalala humo miaka yote: bibi akaolewa, akazaa, akazika, akahamia ujamaa, nao wamelala. Sasa mwili umechoka kidogo kwa uzee, mlinzi amesinzia, wakaamka. Akasema bibi afunike mkanda, asikae karibu na watoto wachanga mpaka malengelenge yakauke, lakini wifi, ambaye tulikuwa tumemweleza habari zake, kwa kuwa aliugua tetekuwanga utotoni, hakuhitaji kuhamishwa nyumba.

Halafu akageuka, akautazama mdomo wangu.

"Na wewe, mwanangu, umemleta ndugu yake."

Nikaufunika kwa mkono. Akaniambia niutoe. Virusi vya mdomoni na vya mkanda ni ukoo mmoja, tabia mbalimbali. Vyangu navyo hulala kwenye mzizi wa mshipa, ila juu, kichwani, karibu na sikio.

Bibi, ambaye alikuwa anavaa gauni lake polepole, akasimamisha kila kitu. Aliuliza swali ambalo nimelibeba tangu siku hiyo.

"Sasa, baba, mbona wa huyu mtoto anarudi kila mara kama shemeji asiye na kazi, na wangu nimeishi naye tangu utoto wala hakuwahi kunipigia hodi mpaka sasa?"

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akavuta kiti, akakaa, akamjibu bibi kama anavyomjibu mtu aliyesoma. Alisema kwanza ni tabia ya kidudu chenyewe. Cha mdomoni kina usingizi mwepesi; kijua kidogo, homa kidogo, wasiwasi kidogo, kimeamka. Cha tetekuwanga kina usingizi mzito. Pili ni ulinzi. Mwili uliougua tetekuwanga humkumbuka adui huyo kwa ukali, na ulinzi wake husimama miaka mingi sana. Na akitoroka hata mara moja akaleta mkanda, ile vita yenyewe humwamsha mlinzi upya, kwa hiyo wengi huupata mkanda mara moja maishani na basi. Cha mdomoni, kila kikitoka mwili hukishinda, lakini ushindi huo haukizuii kutoka tena. Tatu, alisema, inaelekea kila kimoja kina pahala pake kinapopapenda. Kuna ndugu mwingine wa hivi anayekaa sehemu za chini za mwili na hurudirudi sana akiwa huko kwake. Huyo akipotelea mdomoni, huwa mnyonge, harudi sana. Bibi akasema hata binadamu ni hivyo, ugenini mtu huwa na adabu.

Nikauliza, kwa sauti ndogo, mbona basi rafiki zangu wengine wana vipele kama vyangu na havirudi hivi. Alirudisha miwani yake usoni. Akasema huenda siku ya kwanza kabisa viliingia vingi zaidi kwenye mzizi wangu kuliko kwao. Huenda ni damu tuliyozaliwa nayo. "Kwa ukamilifu, mwanangu, hilo sijui. Na sidhani kama yupo anayelijua lote."

Nilimpenda hapohapo, kwa moyo mweupe kabisa, jinsi mtu anavyopenda mwezi. Sikuwa nimewahi kumsikia mtu mwenye koti jeupe akisema sijui, na akalisema bila kuona haya, kama anayenikaribisha nami nikae nitafute.

Kabla hatujatoka aliniuliza kazi yangu. Nilipomwambia nalea watoto, na kwamba huyo wifi ninayempikia karibu atajifungua, uso wake ulibadilika. Alisema kwa mtu mzima kidudu changu ni kero tu, lakini kwa mtoto mchanga, hasa wiki za kwanza, kinaweza kuua. Nisimbusu, nisimtafunie chakula, nisimtie mate yangu, tangu siku mdomo unapoanza kuwasha mpaka ngozi ipone kabisa. "Usingoje kuona kipele," akasema. "Kikiwasha tu, tayari."

Tulirudi. Wifi akahamia tena nyumbani, masizi yakaoshwa. Mkanda ulikauka, ukaacha makovu meupe na uchungu uliochelewa sana kuondoka. Mimi nikaenda shamba la pamoja siku za palizi kama wote, na huko ndiko nilikopata picha yangu mwenyewe ya maneno ya daktari. Shamba letu lilikuwa na ndago. Anayelima Handeni anaijua ndago: unaikata leo kwa jembe, kesho kutwa imechomoza, kwa sababu chini ina vinundu vingi na manyunyu kidogo tu huiamsha. Na pembeni mwa shamba, pale mbuzi wa wafugaji walipokuwa wakipita, kulikuwa na migunga, ile miti ya miiba. Mbegu ya mgunga ina ganda gumu. Inaweza kukaa ardhini mvua hata mvua, imenyamaza, mpaka upite moto, au ipite tumboni mwa mbuzi, ndipo inapasuka na kuota. Nikaegemea jembe nikacheka peke yangu. Mdomoni mwangu kuna ndago, na bibi alibeba mgunga. Kiongozi wa zamu aliniuliza kama nimelipwa kucheka.

Nilistaajabu sana siku zile, si kwa vijidudu peke yake. Nilistaajabia miili yetu. Kumbe huyu bibi, anayelalamika kwamba hawezi tena kuinua debe la maji, alikuwa na mlinzi ndani yake aliyekesha tangu utoto wake hadi uzeeni, hajui hata jina lake, hajampa hata asante.

Mtoto akazaliwa mvua zilipoanza. Wa kike. Alilia mara moja, kwa hasira, na nyumba nzima ikaacha kunyata. Bibi alikichana kile kipande cha pili cha kanga kuwa mawinda, na sauti ilikuwa ileile, ila safari hii ilinifanya nicheke.

Kwetu, siku ya saba mtoto hunyolewa, hupewa jina, na hulambishwa tende. Mtu anachaguliwa, anaitafuna tende mpaka inakuwa laini, kisha anampaka mtoto kidogo kwenye kaakaa kwa kidole. Anachaguliwa kwa tabia yake, kwa sababu wanasema mtoto hurithi ya aliyemlambisha. Tende zilikuwa adimu. Bibi alikuwa amezificha chache tangu Ramadhani, kwenye kikopo. Nani achaguliwe? Wazee walitaja majina ya watu wenye heshima zao. Wifi akakataa yote. Alisema, mbele yao, kwamba mtoto wake atalambishwa na mimi. Alitaka acheke kama mimi, maana yeye miaka yake ya karibuni alikuwa amelia vya kutosha.

Usiku wa kuamkia siku ile sikupata usingizi kwa furaha, na mchana wa kabla yake nilikuwa nimeshinda juani nikichanja kuni za sherehe. Asubuhi, nikivaa, nikamsikia yule sisimizi. Pembeni mwa mdomo, mahali palepale. Nikachukua kioo cha kaka. Hapakuwa na kitu. Ngozi safi, mdomo mzuri kabisa. Hakuna mtu duniani ambaye angejua.

Nilitamani kusema sijamsikia.

Mkekani walikuwa wamekaa wazee, bibi, na wifi na mtoto mapajani, kichwa kimenyolewa kinang'aa. Kisahani cha tende kikanifikia. Nikakipokea, nikakirudisha chini. Nikasema siwezi.

Mtu akakohoa. Wifi alinitazama kama aliyepigwa.

"Wifi, unanikatalia mtoto?"

"Simkatalii yeye, wifi yangu. Namkatalia huyu," nikasema, nikauonyesha mdomo wangu. "Ameamka asubuhi hii."

Wakainama kuangalia, hawakuona kitu. Mzee mmoja alisema kwa upole kwamba vipele vya homa ni vya watoto wote, haijapata kusikika vikamdhuru mtu. Nikaeleza maneno ya daktari jinsi nilivyoweza, kwamba kwa mchanga kinaweza kuua na kwamba hakingoji kuonekana. Nikasema apewe bibi. Hapo ndipo minong'ono ilipoanza, kwa sababu bibi ndiye aliyekuwa na mkanda, na kama kuna wa kuogopwa ni yeye. Nikajikuta nimesema kwa sauti kubwa kuliko adabu inavyoruhusu: wa bibi ulikuja mara moja na umerudi kulala, ngozi yake imekauka siku nyingi, tunaogopa mgunga uliokwisha kupita, na ndago tunaikalia.

Sijui nani alielewa habari za mgunga. Bibi alielewa. Akakivuta kisahani kwake.

"Lakini mimi meno sina," akasema. "Yalibaki Mnyuzi. Leteni kinu kidogo, kioshwe kwa maji ya moto. Kitatafuna kinu. Nacho kina tabia njema, hakisengenyi mtu."

Wazee wakacheka, na wakishacheka wazee, jambo limepita. Tende ikapondwa kwa maji yaliyochemshwa, bibi akanawa kwa sabuni, akampaka mtoto kwa kidole kidogo. Mtoto alikunja uso, akaonja, akatoa ulimi kutafuta nyingine. Wifi hakunitazama wakati wote huo. Nilibeba maji, nikagawa pilau, nikacheka palipohitajika kicheko.

Siku ya pili yake vipele vilikuwa vimejaa, vinang'aa, kila mtu anaviona. Wifi alikuja uani nilipokuwa naosha masufuria. Aliutazama mdomo wangu muda mrefu. Akamgeukia mtoto aliyelala kifuani pake, akaweka kiganja chake juu ya kale kakichwa, kama anayekikinga na jua. Kisha akakaa karibu yangu, akachukua sufuria moja akaanza kulisugua kwa mchanga.

Bibi alikuwa ameniwekea tende moja, ameisokota kwenye karatasi ya gazeti. Jioni, watu walipokuwa kisimani, niliichukua nikaenda nyuma ya ghala la kijiji, mahali ambapo dirisha la wifi linaonekana. Nikaitafuna taratibu, upande usiouma, mpaka ikawa laini kama inavyotakiwa, nikiwa nimelielekea dirisha lile. Nikalitaja jina la mtoto. Kisha nikaimeza mwenyewe.